Siku Niliyomwona Mayu Holo Akiamka

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipotoka nyumbani kwangu na hasira zangu zote kwenda kumfumania bibi kizee kitandani. Usicheke. Si kufumania huko unakofikiria. Nilikwenda kumfumania na uvivu wake.

Wakati huo nilikuwa mama wa watoto wawili, kijijini kwetu Shinyanga, mwendo kidogo wa baiskeli kutoka Ngokolo ya mjini. Nguvu nilikuwa nazo, na mdomo, weee, mdomo wangu ulijulikana mpaka vijiji vya jirani. Leo nakaa hapa Kalangalala kwa binti yangu, na mvua ya Geita haina adabu, ikianza haijui kuaga. Nyonga yangu ya kushoto inauma kabla bati halijaanza kulia. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa. Jana nilikuona ukishuka kwenye pikipiki umeshika kiuno, ukaniamkia huku unajichekesha, kisha ukazunguka nyuma ya nyumba ukameza vidonge viwili. Ukangoja kidogo, ukameza vingine viwili. Macho yangu mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho.

Basi sikiliza. Kijijini kwetu wanawake tulikuwa na kikundi cha misiba. Mtu akifa, kabla jua halijapanda kila mwanamke awe amefika, huyu na ndoo ya maji, yule na mzigo wa kuni, mwingine na unga. Wanaume wanachimba kaburi, sisi tunalisha watu. Na sheria ilikuwa moja, tuliyoikuta kwa bibi zetu: asiyefika misiba mitatu bila sababu inayoonekana, anatengwa. Usidhani kutengwa ni kununiwa tu. Aliyetengwa haombi moto kwa jirani, hasaidiwi kuvuna, hata salamu yake watu hawaiitikii. Na siku akifa, kila mtu anabaki nyumbani kwake.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Kulwa, mwanamke wa haki lakini mkavu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuita majina na kuona nani kafika, nani hajafika. Kumpa mwanamke wa miaka ishirini na tano kazi kama hiyo ni kumtafutia dhambi, maana niliipenda kuliko nilivyopenda kupika.

Sasa, palikuwa na huyu bibi, Mayu Holo. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ingawa nyie watoto wa siku hizi hata hilo mnaanza kulisahau. Alirudi kijijini akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi huko huko machimboni Nyarugusu unakofanya kazi wewe. Aliishi peke yake, nyumba ya mwisho kabla ya majaruba ya mpunga. Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta dhahabu, hakurudi wala hakutuma neno. Kiangazi, Mayu Holo alikuwa wa kwanza kufika kila mahali. Pamba alichuma. Harusini alicheza, anapiga vigelegele mpaka vijana wanageuka kutazama. Lakini mvua ikianza tu, humwoni. Masika hiyo misiba miwili ilipita bila yeye. Katika ule wa pili niliita jina lake, nikangoja, kisha nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Ugonjwa wa mama huyu una kalenda. Unakuja na mawingu, unaondoka na mavuno."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Nami nikajiona nimesema neno. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hiyo niliijua tangu shule, tena niliwahi kuifafanua kwenye mtihani nikapata alama zote. Kuijua na kuiishi ni vitu viwili.

Msiba wa tatu ukaja. Alifariki mzee mmoja jirani yetu, na mvua ilikuwa siku ya pili haijakatika. Jioni Mama Kulwa akasema, "Kesho asubuhi Mayu Holo asipofika na maji yake, tumemaliza naye." Mimi nikadakia kabla hajafunga mdomo, "Nitakwenda mwenyewe kumwambia." Nilitaka nimkute amejifunika blanketi, anakoroma, ili nirudi nikawasimulie wenzangu.

Nilifika alfajiri, nimejifunika khanga kichwani, udongo wa mbuga umenishika miguu mpaka kila mguu una uzito wa mtoto. Nikapiga hodi.

"Karibu," sauti ikatoka ndani. "Sukuma mlango, nimeuegemeza jiwe tu. Masika siufungi kwa komeo. Nikiufunga usiku, asubuhi siwezi kuufungua."

Nikaingia. Mayu Holo alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba, macho wazi, anatazama bati. Jiko la mafiga matatu lilikuwa karibu kabisa na kitanda, makaa yamefukiwa kwenye majivu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka, umeamkaje. Kaa hapo kwenye kigoda, utanisubiri. Kutoka hapa nilipo mpaka hapo ulipokaa ni safari."

Nilikadiria kwa macho. Hatua tatu. Nikasema moyoni, haya, sasa tuone huo mchezo wa kuigiza.

Mwanangu, sikuona mchezo. Alianza na vidole. Vilikuwa vimekunjika kama vimeshika mpini wa nyundo, na nyundo yenyewe haipo. Alichukua mkono wa kulia akaufungua kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, taratibu, akianzia kidole gumba. Kila kimoja akikishika kidogo kabla ya kwenda kwa kinachofuata. Cha mwisho kilikataa. Akakiacha, akavuta pumzi, akakirudia. Kikakubali. Kisha akageukia mkono wa pili na kuanza upya. Hakulalamika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepanga mbegu.

Mikono ilipokuwa tayari, akachukua fimbo yenye ndoano iliyokuwa ubavuni mwake, akavuta kutoka majivuni kopo lenye mchanga. Aliuweka mchanga pale usiku ili asubuhi uwe na moto. Akaumimina kwenye kipande cha kitenge kilichoshonwa kama mfuko, akakifunga kwa meno, akakiweka kwenye goti. Akafumba macho. Akahamishia goti la pili. Nikamsikia anasema na goti kwa sauti ya chini, "Haya, wewe nawe. Mwenzako keshaamka, wewe unadeka."

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimeshaona aibu, na mtu mwenye aibu hutaka kufanya kitu haraka. Nikamwambia, "Mayu, ngoja nikunyanyue."

Akanitazama. "Niache. Ukininyanyua leo nitasimama leo. Kesho utakuja?"

Nikakaa.

Juu ya kitanda, kwenye boriti, palikuwa na kamba ya katani imening'inia, ina mafundo matatu. Aligeuka ubavu, akashusha miguu mmoja baada ya mwingine, akashika fundo la chini. Akapumzika. Akashika la pili. Akapumzika tena, na jasho likamtoka asubuhi ya baridi ile, likamtiririka mpaka kidevuni. Aliposhika fundo la tatu akawa amesimama. Ukutani kwa nje maji yalikuwa yanachuruzika, na yeye alisimama pale anatetemeka, anatabasamu kidogo, halafu akapiga hatua ya kwanza.

Alipofika kwenye kigoda cha pili na kuketi mbele yangu, kulikuwa kumekucha kabisa na khanga yangu iliyolowa ilikuwa imeanza kukauka mwilini. Nimezaa watoto watano mwanangu. Nimeona ng'ombe wakisombwa na mto, nimeona mtu akitolewa hai kwenye duara la machimbo lililoporomoka baada ya watu kumkatia tamaa. Sijaona tena nguvu kama ile. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu anayefanya kila siku ya mvua kazi ambayo mimi nisingeiweza siku moja, na hakuna aliyempigia hata kigelegele. Nywele zilinisimama, nakuambia. Nilitaka kupiga magoti.

"Sasa," akasema, "sema ulilotumwa."

Nikaliweka kando kwanza. Nikamuuliza, "Mayu, hii ni kila siku?"

"Kiangazi naamka kama watu wengine, maumivu yapo lakini yana heshima. Masika ndiyo hivi." Akanisimulia kwamba Nyarugusu alikuwa akiponda mawe kwa nyundo, mwaka baada ya mwaka, kisha anakaa majini kuosha mchanga unaotafutwa dhahabu. "Dhahabu niliiona ikienda na wenyewe. Mimi nilibaki na baridi." Alikwenda hospitali, akapewa dawa, zikamsaidia. Akaanza kujiongezea mwenyewe dukani, kila yakizidi anameza zaidi, mpaka tumbo likawaka moto na akatapika damu. "Daktari alinigombeza kama mtoto," akasema. "Akaniambia dawa ni rafiki, ila usimbebeshe kazi yako yote. Hizi shughuli nyingine za mchanga na kamba nilizigundua mwenyewe, polepole."

"Kwa nini hukutuambia?"

Akacheka, kicheko kikavu. "Ningewaambia nini? Mwezi wa saba nilicheza ngoma mbele yenu. Nani angeniamini? Halafu, mwanangu, bibi kizee anayeishi peke yake, anayelia alfajiri, anayesema na magoti yake, huku kwetu anaitwaje?"

Nilijua anaitwaje. Anaitwa mchawi. Na wapo kina bibi walioitwa hivyo ambao hawakumaliza mwezi, wala waliowatendea hawakuulizwa sawasawa. Mayu Holo alichagua kuitwa mvivu kwa sababu jina hilo haliui. Na mimi, kwa ule mdomo wangu na ile kalenda yangu, nilikuwa nimeshawafundisha watu kumhesabia mawingu.

Ikabidi niseme. Nikamwambia kikundi kimeamua, asipofika leo anatengwa. Akatazama mikono yake aliyotoka kuifungua. Kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo sana.

"Kwa hiyo nitazikwa na nani?"

Machozi yalinitoka. Nikageuza uso nisionekane, na hapo ndipo nilipouona ukuta wa nyuma. Haukuwa ukuta. Zilikuwa kuni, kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, zimepangwa vizuri: miti ya pamba imefungwa matita, magunzi ya mahindi kwenye gunia, mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na kupangwa kama matofali. Vyote vikavu kabisa. Na Shinyanga yetu unaijua, kuni ni za shida hata kiangazi, sembuse masika.

"Hizi zote za nini, mayu?"

"Za masika. Najua siku sita za juma sitaweza kutoka. Kwa hiyo kazi ya masika naifanya kiangazi, mwili ukiwa bado unanisikia. Kila siku kidogo. Bandu bandu huisha gogo."

Mwanangu, kule msibani wanawake walikuwa wanapuliza kuni mbichi tangu usiku, macho mekundu, ugali haujaiva, wafiwa hawajatia kitu tumboni. Nikamwomba Mayu Holo tita moja na nusu gunia la magunzi. Akasema, "Chukua mawili." Nikayafunika kwa turubai lake, nikajitwika, nikakimbia na lile tope.

Mama Kulwa alinipokea mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Na amenituma nilete mchango wake wa msiba."

Tukawasha. Moto ukashika mara moja, hauna moshi, na wale kina mama wakasogea bila kuambiwa. Nilingoja kwanza watu wapate kula. Njaa haina masikio. Kisha nikasimama mahali pale pale ninaposimama kuita majina, nikawasimulia nilichokiona, kuanzia kidole gumba mpaka fundo la tatu. Nikasema, "Lile neno la kalenda nililisema mimi. Nalirudisha. Kama kuna wa kutengwa leo, nianze mimi."

Mama Kulwa hakulainika haraka. "Kesho kila mtu atakuja na goti lake," akasema. "Tukianza kusamehe, sheria itabaki ya nani?" Na hakukosea, sheria ile ndiyo iliyowazika wafu wetu wote. Akachukua mwenzake mmoja, na kesho yake alfajiri, mvua ikinyesha, wakaenda wenyewe. Walirudi jua limeshapanda. Mama Kulwa, mwanamke yule ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikaa kwenye mkeka akavua kandambili zake, akazishika mkononi. Kisha akasema, "Mayu Holo hajawahi kukosa msiba. Sisi ndio tulikuwa hatujui anafika kwa njia gani."

Ikapangwa hivi: kiangazi Mayu Holo anakusanya, na sisi tunampelekea miti ya pamba ya mashamba yetu akaipange. Masika, msiba ukitokea, moto unawashwa kwa kuni za kwake, na jina lake nikiliita, anayezibeba ndiye anaitikia "Yupo." Kila alfajiri ya mvua mmoja wetu anapita kumfungulia mlango, na sasa akaanza kuufunga kwa komeo kama watu wengine, komeo lenye kamba inayotokea nje kwenye tundu tunalolijua sisi tu. Hatukumnyanyua. Tulikaa kwenye kigoda tukamsubiri, tukipiga soga. Yale maneno ya chini chini kuhusu bibi anayejifungia mvua ikinyesha yakaisha yenyewe, maana kila nyumba ilikuwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye kigoda kile.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Na alifariki wakati gani? Masika, tena ile mvua yenyewe ya kuziba njia. Nilikuwa wa kwanza kufika, nikidhani nitakuwa peke yangu kwa muda. Nilipotazama kule kwenye majaruba niliwaona wanakuja, mstari mrefu wa wanawake na ndoo kichwani, maji magotini, wanawake wa vijiji viwili. Wengine sikuwajua hata kwa sura. Tukaketi kumzika bibi aliyeniuliza atazikwa na nani, na nafasi ya kukaa ilikosekana. Nililia siku ile kwa furaha na kwa uchungu, sikujua kipi ni kipi.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, na mkono wako utoe mfukoni, najua unashika nini humo. Maumivu yanayokuja na unyevu si ndoto na si uvivu. Kwa nini wengine mvua inawaingia mifupani na wengine haiwaingii, hata madaktari hawasemi kwa kauli moja, nami sitajifanya najua zaidi yao. Ninachokijua ni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda hospitali, mweleze daktari unameza vingapi, usimdanganye hata kimoja. Mayu Holo alitapika damu ili wewe usitapike. Asubuhi ya baridi usikurupuke kama kijana anayeitwa na filimbi. Amsha viungo kimoja kimoja, kipe kila kimoja joto lake, vaa nguo kavu, na shati lililolowa, kama lile ulilokuja nalo jana, livue kabla hujaketi.

Kazi nzito ifanye siku mwili unapokusikiliza, igawe, uache sehemu kwa siku nyingine. Siku mwili unapokataa, usiutukane. Waambie wenzako unaoshuka nao shimoni kwamba mgongo wako una siku zake, uwaambie na unachoweza kuwafanyia siku hizo, maana watu hawakatai mtu mwenye maumivu, wanakataa mtu wasiyemwelewa. Watakucheka kidogo, wacheke. Mimi nilicheka kuliko wote, na angalia nilikofika. Na siku utakapomwona mtu anacheza kiangazi na kupotea masika, kabla hujafungua mdomo wako, nenda kwake alfajiri, ukae kwenye kigoda, unyamaze, utazame anavyoamka.

Haya, nipe mkono unisaidie kusimama. La, usinivute, mwanangu. Shika tu, nitasimama mwenyewe. Mungu akutunzie mgongo, akupe watu watakaofika kwako hata njia zikiziba. Mvua ikunyeshee shambani, isikunyeshee mifupani.